Hata Hili Dogo Nimwambie Mungu?

Mimi ni mtu wa wasiwasi, na ni mtu wa imani. Mambo haya mawili yameishi pamoja ndani yangu tangu nianze kujitambua. Simu ikilia usiku wa manane, kabla sijaipokea nimeshamzika mtu. Mtoto akichelewa kurudi, mawazo yangu yameshafika hospitali. Na katikati ya hayo yote nasali, tena nasali kwa moyo wote. Kwa muda mrefu niliambiwa kwamba hayo mawili hayawezi kukaa kwa mtu mmoja: mwenye imani haogopi, na anayeogopa ajichunguze imani yake. Basi naandika kwa ajili ya mwenzangu anayesali usiku kifua kimebana, akaamka asubuhi kifua bado kimebana, akadhani kwamba Mungu hakumsikia au kwamba yeye si mwamini wa kweli. Nataka kumweleza nilichojifunza. Nilijifunza polepole, ndani ya nyumba yangu mwenyewe, kwa watu ninaokula nao meza moja.

Miaka kadhaa iliyopita mume wangu aliachishwa kazi. Kampuni ilikuwa inapunguza watu, na jina lake likawamo kwenye orodha. Siku hiyo alirudi mapema, mkononi ana mfuko wenye vitu vyake vya mezani: kikombe, kalenda, picha ya watoto. Akauweka juu ya kabati, ukakaa pale miezi, hakuna aliyekuwa na moyo wa kuugusa. Mama yangu mzazi alikuwa ameshahamia kwetu, maana kumbukumbu zake zilikuwa zimeanza kupotea na hakuweza tena kuishi peke yake. Kwa hiyo mshahara wangu mmoja ulitakiwa kubeba kodi ya nyumba, ada za watoto wawili, dawa za mama na nauli za kila mtu.

Anayeyajua maisha hayo anaujua na usiku wake. Mchana kuna kazi, kuna watu, kuna kelele za watoto. Usiku unabaki wewe na hesabu. Nilikuwa nalala chali, naanza: nikitoa kodi, nikitoa ada ya mkubwa, ya mdogo nikiisogeza mpaka mwezi ujao. Nafika mwisho, haitoshi. Naanza upya, kana kwamba mara ya pili namba zitanionea huruma. Mume wangu naye yuko macho pembeni yangu. Usiku mwingine tulikuwa tunaongea kwa sauti ya chini ili watoto wasisikie, tukiamini kwamba hawasikii.

Waumini wenzetu walitujali kweli. Wapo waliotuletea vitu bila kusema neno, na hao siwasahau. Wapo pia waliokuwa na sentensi moja tu, "Usijali, Mungu yupo," na najua waliisema kwa upendo. Lakini mtu akikuambia usijali kabla hajakuuliza ni nini kinachokusumbua, maneno yake hayashuki moyoni, hata yawe ya kweli namna gani.

Kilichonisaidia ni kuyarudia maneno yenyewe ambayo sentensi ile imetokana nayo, Mathayo sura ya 6. Nilikuwa nayajua tangu shule ya Jumapili, ndege wa angani na maua ya kondeni, na siku zote nilikuwa nayasikia kama karipio. Safari hii nikayasoma taratibu, nikakutana na mstari ambao nilizoea kuupita: "Baba yenu wa mbinguni anajua ya kuwa mnahitaji hayo yote." Yesu hakuwaambia wasikilizaji wake kwamba chakula na mavazi ni mambo ya kimwili yasiyo na maana, wala kwamba waone haya kuyafikiria. Alijua watu wa vibarua. Ndio anaowaeleza kwenye mfano wa shamba la mizabibu, wamesimama sokoni wakingoja mtu wa kuwaajiri kwa dinari moja kwa siku, wengine mpaka saa kumi na moja jioni. Mtu wa namna hiyo asipopata wa kumwajiri leo, ni leo hiyohiyo nyumbani kwake hakuna kitu. Yesu alikubali kwanza kwamba hitaji ni la kweli, ndipo akasema kwamba yupo anayelijua, na huyo anayelijua ni Baba.

Hata mpangilio wa sura ile ulinifundisha. Kabla hajasema "msisumbukie", alikuwa ameshawafundisha kuomba: Baba yetu, utupe leo riziki yetu. Anayeambiwa asisumbuke ni mtu ambaye tayari ameshafunguliwa kinywa kuomba. Hakuambiwa anyamaze na njaa yake ili aonekane ana imani.

Lakini hapo pakabaki kitu cha kunitatiza. Mstari wa 8 wa sura hiyohiyo unasema Baba anajua tunayohitaji hata kabla hatujamwomba. Kama anajua, mimi namwambia ya nini? Nimesikia swali hilo likijibiwa kwenye mafundisho mengi, na mengine yalikuwa mazuri. Jibu lililoniingia mimi nilipewa na mwanangu wa kwanza, bila yeye kujua kwamba ananijibu.

Alikuwa katika umri ule ambao mtoto anarefuka kila ukigeuka. Nilikuwa nimeona kwamba mwendo wake umebadilika, anatembea kama anayekanyaga kitu cha moto, nikadhani ni mambo ya wavulana. Jioni moja nilifika nyumbani pamoja naye, akakaa kizingitini kuvua viatu. Alivua akiwa amenipa mgongo. Nikamwona anakivuta kile cha kulia kwa mikono miwili, taratibu, na kilipotoka, soksi ilikuwa imegandamana na kidole kidogo kwa damu iliyokauka. Nikakiokota kiatu. Kisigino kilikuwa kimekanyagwa mpaka kimelala. Ndani, ile soli laini ya kukanyagia haikuwamo. Alikuwa ameikata kwa wembe, akaitoa yote, ili mguu upate nafasi kidogo zaidi.

Nikamuuliza, "Vinakubana tangu lini?"

"Tangu shule ifunguliwe, mama."

"Mbona hukuniambia?"

Akatazama chini. "Nilikusikia wewe na baba mnaongea usiku. Hili la viatu niliona ni dogo."

Nilikaa pale chini karibu naye na kile kiatu mkononi. Maumivu yake ya kidole yaliniuma, bila shaka. Kilichoniuma zaidi ni zile wiki zote. Mwanangu alikuwa anaamka, anavaa, anatembea na maumivu, anarudi, anakaa mezani na mimi, ananiambia shule ilikuwa nzuri, na anajipangia peke yake namna ya kuishi na tatizo lake, hali mimi mama yake nipo. Alifanya hivyo kwa upendo. Alitaka kunipunguzia mzigo. Na mimi, kama angeniuliza, ningemwambia kwamba mzigo mzito kuliko yote aliyoweza kunipa ni huo wa kuteseka karibu yangu bila kuniambia.

Ningeweza kusema nilijua. Mama yeyote anajua kwamba mtoto anakua na viatu vitambana siku moja. Kujua huko si sawa na kuelezwa na mtoto mwenyewe, akiwa amekaa karibu yako, akuonyeshe kidole. Nikaelewa kwa nini Baba anayejua kabla hatujaomba bado anataka tuombe. Nisingependa kuwa mama anayeletewa tu matatizo makubwa, yale yaliyoshindikana, huku madogo yote watoto wangu wanayamaliza wenyewe gizani kwa wembe.

Viatu vilipatikana wiki hiyohiyo. Havikuwa vipya, ila vilimtosha na bado vikabakiza nafasi.

Tangu hapo sala zangu zilibadilika. Nilikuwa na mazoea ya kumpelekea Mungu mambo ninayoyaona yana hadhi ya kupelekwa: ugonjwa, ada, kazi ya mume wangu, amani ya nchi. Yale mengine niliyabeba mwenyewe, na ukiniuliza leo, ni hayo mengine yaliyokuwa yananimaliza. Simu ninayopaswa kuipiga na ninaiogopa. Maneno niliyoambiwa na wifi yangu kwenye kikao cha familia, ambayo nayarudia kichwani wakati naosha vyombo. Mkuu wangu wa kazi aliyepita asubuhi bila kunisalimu, nami nikashinda siku nzima nikijiuliza nimefanya nini. Nikaanza kuyasema hayo yote, kwa majina yake, jinsi yalivyo. "Baba, naogopa kumpigia mwenye nyumba. Naogopa sauti yake." Mwanzoni niliona kama namkosea Mungu adabu. Halafu nikamkumbuka mwanangu pale kizingitini.

Kuna kitu kuhusu shomoro ambacho nilikisoma mara nyingi kabla sijakiona. Kwa Mathayo, sura ya 10, Yesu anasema shomoro wawili huuzwa kwa senti moja. Kwa Luka, sura ya 12, anasema shomoro watano huuzwa kwa senti mbili. Ukipiga hesabu, senti mbili ni shomoro wanne. Wa tano ni wa nyongeza, anatupiwa mnunuzi juu kwa sababu peke yake hana bei. Na ni hapo Luka anapoandika kwamba hasahauliki hata mmoja wao mbele za Mungu. Hata huyo wa nyongeza. Nilipoliona hilo, nikaacha kumchagulia Mungu yapi ya kwangu yana uzito wa kumfikia.

Naomba nieleweke: sisemi kwamba kila dogo nililoliomba lilitengemaa. Wifi yangu hajawahi kuyaondoa maneno yake. Mkuu wa kazi aliendelea kuwa vilevile mpaka alipohamishwa. Kilichobadilika ni kwamba sikuwa peke yangu na mambo hayo. Petro anaandika, "huku mkimtwika yeye fadhaa zenu zote, kwa maana yeye hujishughulisha sana kwa mambo yenu." Anasema fadhaa zote, na sababu anayoitoa haihusu nguvu za Mungu wala utajiri wake. Anasema Mungu anajishughulisha na mambo yetu. Ndicho nilichokitaka kwa mwanangu: aamini kwamba mimi najishughulisha na vidole vyake.

Kipindi kile cha mume wangu kukosa kazi, msaada ulikuja kwa namna ambayo nisingeichagua. Mimi nilikuwa naomba uhakika wa mwaka. Kilichokuja kilikuwa cha wiki, wakati mwingine cha siku mbili tatu. Kibarua hapa, deni la zamani ambalo mtu alilikumbuka na kulilipa pale, shule iliyokubali tulipe ada kidogokidogo. Nilikuwa nikisoma Kutoka sura ya 16, habari za mana, chakula ambacho Mungu aliwapa jangwani, nikawaonea huruma Waisraeli kuliko zamani. Miaka 40 walilishwa, na katika miaka hiyo hawakuwahi kuamka asubuhi wakiwa na ghala. Aliyeweka akiba ya kesho alikuta imeota mabuu na inanuka, isipokuwa ile ya mkesha wa sabato. Kila usiku walilala bila kitu cha kesho mkononi, na kila asubuhi kikawapo. Sidhani kama lilikuwa jambo jepesi kwao. Nadhani wengi walilala macho kodo.

Sihubiri kwamba watu wasiweke akiba. Biblia hiyohiyo inamsifu Yusufu aliyekusanya nafaka Misri miaka 7 ya neema kwa ajili ya miaka 7 ya njaa. Mwenye nafasi ya kuweka, na aweke. Naongea juu ya majira ambayo hakuna cha kuweka, na mtu anajiona ameachwa kwa sababu amepewa cha leo tu. Nimeishi majira hayo, na tukiyatazama sasa mimi na mume wangu, hatuwezi kuonyesha siku ambayo tuliachwa. Tunaweza kuonyesha siku nyingi tulizoogopa.

Nirudi kwa mama yangu, maana yeye ndiye aliyenipa somo gumu kuliko yote.

Ugonjwa wa kusahau hauji siku moja. Kwanza alipoteza mahali alipoweka vitu, kisha majina ya wajukuu, kisha njia ya kutoka chooni kurudi chumbani. Mimi alinikumbuka muda mrefu, nami nikajipa moyo kwamba mimi ni mwanawe, mimi sitafutika. Jumamosi moja nilikuwa namkata kucha. Nimeushika mkono wake juu ya paja langu, mkono ule ambao umenibeba na kuniogesha, ngozi imekuwa nyepesi mpaka mishipa inaonekana yote. Akawa ananitazama kwa upole, kama mtu anavyomtazama mgeni mwenye adabu.

"We ni mtoto wa nani?" akaniuliza.

"Wa kwako, mama."

Akatikisa kichwa. "Hapana. Wangu bado mdogo." Halafu uso ukamkunjamana, akageukia dirishani. "Tena hajarudi mpaka sasa. Giza linaingia na hajarudi."

Alitaka kuinuka akamtafute. Ilinibidi kumshika mabega, kumwambia kwamba mtoto yuko salama, amefika, yuko ndani. Alikuwa ananihangaikia mimi, na mimi niko mbele yake, na hanijui.

Nimelia mara nyingi juu ya siku hiyo. Ila ndiyo iliyonifungulia mstari wa Isaya 49:15, ambao nilikuwa nimeufahamu kwa kichwa tu: "Je! Mwanamke aweza kumsahau mtoto wake anyonyaye, hata asimhurumie mwana wa tumbo lake? Naam, hawa waweza kusahau, lakini mimi sitakusahau wewe." Maneno haya yalijibu malalamiko ya Sayuni, ambayo yako kwenye mstari uliotangulia, kwamba Bwana ameniacha, Bwana amenisahau. Zamani niliyasikia kama maneno ya kutia chumvi. Mama gani anasahau? Sasa naijua hiyo "naam". Mungu hakutudanganya kwamba upendo wa mama haushindwi na kitu. Anaujua ubongo wa mwanadamu, anajua unavyochakaa. Anasema ukweli wote, kwamba yule aliyekupenda kuliko watu wote duniani anaweza kufika mahali asikutambue, kisha ndipo anaposema juu yake mwenyewe. Na mstari unaofuata unasema ametuchora katika vitanga vya mikono yake. Mimi niliyekuwa nimeushika mkono wa mama nikiutafutia alama yoyote ya kwamba ananijua, nililihitaji neno hilo jinsi lilivyo.

Kuna rafiki yangu tunayesali naye ambaye hawezi kumwita Mungu Baba. Tukifika kwenye sala ya Bwana, anaanzia "uliye mbinguni". Baba yake alikuwa mtu wa kupiga, na mengine zaidi ya kupiga, na neno hilo likitajwa mwili wake unakakamaa. Kuna waliomwambia asamehe tu ili aweze kusali vizuri. Mimi sikubaliani na haraka hiyo. Nilimsomea Isaya 66:13, ambapo Mungu anasema atawafariji watu wake kama mtu anavyofarijiwa na mama yake, na Zaburi ya 27, ambapo mwimbaji anasema wazi kwamba hata kama baba na mama wamemwacha, Bwana atamkaribisha kwake. Aliyeiandika zaburi hiyo alijua kwamba wapo wazazi wanaoacha. Rafiki yangu bado anaanzia "uliye mbinguni", na naamini Mungu anamsikia tangu hapo alipoanzia.

Sasa niseme juu ya maombi ambayo jibu lake lilikuwa hapana. Tulimwombea mama apone. Tulifunga, tuliita wazee wa kanisa, wakampaka mafuta kama Yakobo anavyoagiza. Mama hakupona, na madaktari walishatuambia mapema kwamba ugonjwa huu unakwenda mbele, haurudi nyuma. Yakaja maneno kwamba labda imani ya nyumba hii ina tatizo, maana mtoto wa Mfalme hapungukiwi na kitu. Mafundisho hayo yamewaumiza watu wengi, nami nayapinga kwa nguvu zangu zote. Mwana aliyependwa kuliko wana wote alisali katika bustani ya Gethsemane akisema, "Aba, Baba, yote yawezekana kwako; uniondolee kikombe hiki." Kikombe hakikuondolewa. Hakuna mtu atakayesema ni kwa sababu Baba hakumpenda, au kwa sababu imani yake ilikuwa ndogo. Luka anaongeza kwamba malaika kutoka mbinguni alimtokea akamtia nguvu. Alitiwa nguvu, na kikombe kikabaki palepale.

Yesu hakujikaza pale bustanini. Marko anaandika kwamba alifadhaika sana na kuhangaika, akawaambia wanafunzi wake kwamba roho yake ina huzuni nyingi kiasi cha kufa, akawaomba wakeshe naye. Tena akarudi kuomba kwa maneno yaleyale. Mtu akiniambia kwamba kurudia ombi ni kukosa imani, namwelekeza hapo.

Na mwili nao una haki yake. Ilifika wakati nililala vipande vya saa tu, moyo unadunda bila sababu, mikono inatetemeka kazini. Nilikwenda kwa daktari, akanisikiliza, akanielekeza kwa mshauri nasaha, nikakaa naye vikao kadhaa. Wapo walioona nimepungukiwa na imani. Mimi nilikuwa nimemsoma nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Alikimbia kwa hofu ya malkia Yezebeli, akakaa chini ya mti wa mretemu, akaomba afe. Mungu hakumkemea wala hakumwambia aombe zaidi. Alimwacha alale, akamtuma malaika amguse, na kichwani pake palikuwa na mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Akala, akalala tena. Malaika akaja mara ya pili, Eliya akala tena. Mazungumzo mazito juu ya kazi yake yalingoja mpaka mlima Horebu, baada ya usingizi na chakula. Hivyo ndivyo mzazi anavyomfanyia mtoto aliyechoka mpaka analia. Kwa hiyo mwenzangu mwenye wasiwasi usiokupa usingizi wiki baada ya wiki, nenda ukamwone mtaalamu. Hujamkimbia Mungu kwa kufanya hivyo.

Mume wangu alipata kazi hatimaye, yenye mshahara mdogo kuliko ule wa kwanza, na anaipenda. Ule mfuko ulishuka juu ya kabati. Kikombe anakitumia, picha ya watoto iko mezani kwake kwa sasa. Mama bado yuko nasi. Siku nyingine ananiita dada, siku nyingine ananiita kwa jina la marehemu shangazi yangu, nami naitika. Akianza kumtafuta mtoto wake jioni, tunakwenda naye mpaka mlangoni, namwambia ameshafika, anatulia. Wasiwasi wangu haujaondoka. Nimeacha kuusubiri uondoke ndipo niamini. Nasema maneno ya yule baba mwenye mtoto mgonjwa katika Marko 9, "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu," na nimeona kwamba Yesu alimponya mtoto wake palepale, hakumwambia arudi siku imani itakapokamilika.

Jambo jingine lililobadilika ni kwamba mimi na mume wangu hatuongei tena usiku kwa sauti ya chini. Mwezi huu mwenye nyumba ametuandikia kwamba anaihitaji nyumba yake, na tukawaita watoto wote wawili sebuleni tukawasomea barua. Mdogo akauliza kama paka tutahama naye. Tukamwambia ndiyo. Kisha tukasali, kila mmoja na lake. Mkubwa, ambaye sasa ananipita kwa urefu, alisali hivi: "Mungu, unajua tunahama. Tunaomba nyumba ambayo chumba cha bibi kiko karibu na choo, na isiwe mbali na kazini kwa mama, maana anachoka. Na mimi naogopa kubadilisha shule mwaka huu wa mtihani." Hilo la mtihani ndiyo kwanza nalisikia. Mimi na baba yake tulitazamana, na aliposema amina tukakaa naye tukaliongea mpaka usiku, tukaangalia ni mitaa gani tunayoweza kuhamia bila yeye kuiacha shule.

Nyumba ya kwanza tuliyoiona ilikuwa ghali. Kesho saa nne nina miadi ya kuiona nyingine, na mama tunakwenda naye. Dalali ameniambia kuna ngazi tatu mlangoni, kwa hiyo cha kwanza nitakachoangalia ni kama anaweza kuzipanda.